Watawala Kumi wa Mombasa na Vifo Vyao: Bara Linadai Haki Yake

Mtu wa kisiwani akitaka kumchokoza mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe humwambia kwamba historia yote iko upande wake wa maji: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, misikiti ya kale, makaburi ya wakubwa. Bara, kwa maneno yake, ni pahali pa kulala tu na kuamka alfajiri kuwahi feri.

Basi leo tuhesabiane. Hawa hapa ni watawala kumi walioishika Mombasa au waliotaka kuishika, na jinsi kila mmoja alivyokutana na ajali yake. Nimewapanga kutoka wa kumi hadi wa kwanza kwa vipimo viwili: ajabu ya kifo chenyewe, na uzito wa mkono wa bara katika habari yake. Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asiseme kavamiwa. Mombasa haijapata kutawaliwa kwa kuta za ngome peke yake. Aliyekuwa na watu wa bara alilala usingizi. Aliyewakosa alilala jicho moja wazi.

Haya, tung'oe nanga.

10. Francisco de Almeida: mizinga baharini, mauti mchangani

Agosti 1505 Almeida alifika na meli zake, akiwa njiani kwenda India kuwa naibu wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko. Mombasa ikamkatalia. Watu walipigana naye kichochoro kwa kichochoro, wakimtupia mishale na mawe kutoka juu ya madari, hadi wakazidiwa. Mji ukaporwa, kisha ukatiwa moto.

Miaka mitano baadaye alikuwa anarudi kwao. Meli zikatia nanga karibu na Rasi ya Tumaini Jema ili kuchota maji. Ukazuka ugomvi na wenyeji, Wakhoikhoi, na Wareno wakashuka kwenda kuvamia kijiji chao na kuswaga mifugo. Tarehe 1 Machi 1510 wenyeji waliwajia wakiwa nyuma ya ng'ombe wao, ng'ombe waliofunzwa kwenda kwa mluzi, wamewafanya ngao inayotembea. Almeida akafia hapo ufukweni, yeye na watu wake zaidi ya 50.

Aliyechoma miji kwa mizinga alishindwa kwa mluzi. Wafugaji wa Kisauni, leo maziwa mpandishe bei kwa fahari.

9. Luteni Reitz: alitawala kidogo, anaitwa kila siku

Abiria wa Changamwe, huyu ni wenu. Februari 1824 Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati huo, kwa kumhofia Seyyid Said wa Oman, walipata kutoka kwa Kapteni William Owen, mwanamaji Mwingereza, ulinzi wa bendera ya Uingereza. Owen akaendelea na safari zake, akamwacha kijana wake mmoja, Luteni John James Reitz, asimamie mambo.

Reitz alikuwa na ari kuliko uzoefu. Hakutaka kukaa ngomeni akingoja barua. Aliamua kwenda Pangani kuijua nchi, na akaenda wakati wa masika, mvua zinanyesha, mito imefura na mbu wamepata sikukuu yao. Homa ikamshika. Alifariki tarehe 29 Mei 1824, hajatimiza hata miezi minne kazini.

Lakini mkono ule wa bahari unaoingia ndani upande wa Changamwe ulipewa jina lake, Port Reitz. Masultani waliokaa miaka 30 wamesahaulika, na kijana wa miezi minne anatajwa na makanga kuanzia alfajiri hadi usiku. Ukitaka jina lidumu Mombasa, usijenge mnara. Omba stendi ya matatu.

8. Shehe bin Mishham: mfalme aliyepona Wazimba asipone Wasegeju

Mwaka 1589 Mombasa ilikuwa imebanwa pande zote. Kisiwani alikuwamo Mir Ali Bey, nahodha Mturuki aliyealikwa awafukuze Wareno. Baharini zikatokea meli za Wareno kutoka Goa. Na bara, ng'ambo ya Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji waliopanda kutoka upande wa Zambezi wakiacha maangamizi kila walipopita.

Fikiria pale Makupa bila daraja wala lori la kontena: maji yakitoka, mtu anavuka kwa miguu. Waturuki walipaweka ulinzi, Wareno wakauvunja, na Wazimba wakavuka. Watu wa mji walijitosa baharini wakaona heri mikononi mwa Wareno kuliko wanaowajia nyuma. Mir Ali Bey alichukuliwa mateka hadi Ureno.

Shehe bin Mishham, mtawala wa mwisho wa ukoo wa Kishirazi, aliponea chupuchupu. Mtu mwingine angekaa kitako ashukuru. Yeye, miaka michache tu baadaye, aliingia vitani na Malindi. Malindi ilikuwa na rafiki wa bara, Wasegeju, na Wasegeju walimuua. Mji wake wakawapa Malindi, na sultani wa Malindi akahamia Mombasa. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Sasa tuulizane: hiyo ngome ambayo watu wa kisiwani wanajivunia, mlango wake ulifunguliwa na nani? Vita vya bara.

7. Muhammad bin Athman al-Mazrui: wageni wa kulia machozi

Muhammad alikuwa liwali wa Mombasa kwa niaba ya Imamu wa Oman. Katika miaka ya 1740 huko Oman utawala ukauponyoka ukoo wa Yaarubi, ukachukuliwa na Ahmad bin Said, aliyekuwa mkuu wa Sohar. Muhammad akakataa kumtii. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ngumu kuijibu: huyu alikuwa liwali kama mimi, akajichukulia Oman, mimi nami nimejichukulia Mombasa.

Imamu hakujibu kwa barua. Alituma watu waliojifanya wamegombana naye, wamekimbia, wanaomba hifadhi. Muhammad, kwa ukarimu wa Kipwani, akawafungulia. Wakala kwake, wakazoeana naye, kisha wakamuua. Ilikuwa 1746.

Ukarimu ni sifa yetu wala sitaki tuuache. Ila mgeni anayemsengenya bwana wake kutwa kucha, na bwana mwenyewe hajawahi kusikika akilalamika, mtengeeni kitanda karibu na mlango, nje.

6. Ali bin Athman al-Mazrui: alirudishwa na bara, akauawa na damu yake

Wauaji wa Muhammad walimtia nduguye Ali gerezani mle ngomeni. Ali akatoroka. Akaelekea wapi? Sema kwa sauti, watu wa bara: akavuka. Alirudi na nguvu za wenyeji na Wamijikenda, akaitwaa ngome tena, na kiongozi wa wauaji, Saif bin Khalaf, akalipa kwa roho yake.

Hapa ndipo watu wa Changamwe wakae vizuri kitini. Waswahili wa Mombasa walikuwa mataifa 12: Taifa Tisa na Taifa Tatu. Hao Taifa Tatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na kila kundi lilikuwa na masikilizano yake na makabila ya Mijikenda huko bara. Mazrui alikaa ngomeni, lakini alikaa kwa rai ya hao. Kila shauri la vita au amani lilipita kwao.

Ali aliimarika hadi akaiendea Unguja yenyewe, miaka ya 1750, na akakaribia kabisa kuichukua. Katikati ya vita akachomwa kisu na mpwawe, Khalaf bin Qadhib. Jeshi likavunjika moyo, likarudi Mombasa, na muuaji naye hakusalimika.

Wageni walimuua Muhammad, mpwa akamuua Ali. Ukoo huu ulihitaji mlinzi wa sebuleni kuliko wa getini.

5. Seyyid Said bin Sultan: alisafiri na mbao za jeneza lake

Seyyid Said alishika madaraka Oman mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake Badr, naye bado ni kijana mdogo. Mombasa ilimsumbua kwa miaka mingi. Alikuja na meli, akaondoka, akarudi, na hakuipata kwa hakika hadi 1837. Tutafika kwenye namna alivyoipata.

Mwaka 1856 alikuwa Maskati na akataka kurudi Unguja. Kabla ya kupanda meli yake Victoria aliamuru zipakiwe mbao, na akaagiza kwamba atakayefia njiani asitupwe baharini bali atiwe jenezani. Tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, mwenyewe akafa. Mbao zikapata kazi.

Mwanawe Barghash alikuwamo melini. Majid, nduguye, alikuwa Unguja na akatoka na mashua kwenda kuwalaki. Usiku Barghash akapitisha maiti kimya hadi nchi kavu, akaizika, akatafuta kuinyakua serikali kabla hakujapambazuka. Hakufanikiwa, Majid akatawala. Baba aliandaa kila kitu cha safari ya akhera isipokuwa kimoja: kuwaandaa wanawe.

4. Khalid bin Barghash: dakika 38 Unguja, mwisho wake Mombasa

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Baada ya dakika 38 hivi jumba lilikuwa magofu, na watu wake wapatao 500 wamekufa au kujeruhiwa. Hadi leo hutajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakalinda nje wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Unguja. Wajerumani wakangoja siku ya bamvua. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa hadi langoni mwa bustani ya ubalozi, mashua ikasogea, Khalid akatoka langoni akaingia mashuani bila kugusa mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Wavuvi wa Mtongwe wanaoishi kwa kuhesabu bamvua na maji mafu wanajua ile ni akili ya kiwango gani.

Mwaka 1916 Waingereza walimpata huko Dar es Salaam, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alikufa Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo sultani aliyetolewa kwa mizinga alifia kwetu, kwa amani. Mombasa haibagui: hata mwenye dakika 38 hupewa pa kupumzikia.

3. Rashid bin Salim na mwanawe Mbaruk: baraza lililofungwa mlango

Baada ya Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835 Mazrui waligombana wao kwa wao, na wazee wa mji wakachoka. Seyyid Said, aliyeshindwa kwa mizinga, akaona ufa. Rashid bin Salim akamkubali. Kisha mwaka 1837 mwana wa Seyyid, Khalid bin Said, akawaita wakubwa wa Mazrui kwenye baraza ngomeni. Walioitikia wakakamatwa, kiasi cha watu 25, wakapakiwa melini hadi Bandar Abbas, upande wa Uajemi. Huko wakafia kifungoni.

Waliosalia wakafanya nini? Wakavuka. Wengine walikwenda kaskazini, Takaungu. Wengine walipita kusini hadi Gazi, njia ile ile ambayo leo unashika ukishuka feri Likoni. Kati ya hao wa Gazi alikuwa Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule aliyeitwa barazani. Baba alikwenda alikoitwa na hakurudi. Mwana aliapa kutoitika. Aliwapinga masultani wa Unguja kwa miaka mingi, akitumia misitu na ngome yake ya Mwele, kisha mwaka 1895 akawapiga Waingereza pia. Walipoichukua Mwele Agosti 1895 hakusalimu amri. Aprili 1896 alivuka mpaka akajiweka mikononi mwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910, mzee, mbali na Gazi yake.

Fundisho la ukoo huu liandikwe kwenye kila mwaliko wa mkutano: kabla hujaingia, tazama mlango unafungiwa upande gani.

2. Mzee Jomo Kenyatta: safari ya mwisho ilikuwa ya bara

Mwaka 1976 wanasiasa walianza kujadili hadharani nani atakalia kiti Mzee akiondoka. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa onyo kali: kuwaza, kukusudia au kupanga kifo cha Rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifo. Nchi nzima ikanyamaza. Malaika wa mauti hakuwa amesoma gazeti.

Agosti 1978 Mzee alikuwa Mombasa, mji alioupenda kupumzikia. Tarehe 21 alikwenda Msambweni, akakaa na wananchi, akatazama ngoma. Msambweni ni pwani ya kusini, njia ya Likoni. Alirudi Ikulu ya Mombasa akiwa amechoka, na alfajiri ya tarehe 22 Agosti akafariki. Siku hiyo hiyo Daniel arap Moi akaapishwa Nairobi.

Huko bara wazee waliokuwapo wanakumbuka redio ilivyobadilisha sauti, nyimbo za kawaida zikakoma, watu wakakusanyika madukani kusikiliza. Nami nalisema kwa moyo mmoja: kiongozi wa kwanza wa taifa, aliyezaliwa mbali na bahari, siku yake ya mwisho ya kuonana na wananchi aliitumia kwa watu wa Msambweni. Hakuna ngome iliyopata heshima hiyo.

1. Sultani Hassan na mwanawe Yusuf: kichwa kilichokwenda Goa

Namba moja haina mpinzani, na bara limo ndani yake kwa mema na mabaya.

Hassan bin Ahmad alikuwa mwana wa yule sultani aliyehamia kutoka Malindi. Baba yake alikuwa rafiki wa Wareno, na malipo ya urafiki mwanawe akayaona: kepteni wa ngome, Manuel de Melo Pereira, alimbana kwa fedha na kumdharau katika mji wake mwenyewe. Mwaka 1614 Hassan akakimbilia bara, Rabai, kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Akadhani amefika salama. Wareno wakatuma rushwa ya nguo, na waliompokea wakamuua. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa.

Hapa sina utani. Bara lilimpa hifadhi, na watu wa bara wakamuuza. Anayesimulia habari zetu aisimulie na hiyo, la sivyo atakuwa anasimulia nusu.

Hassan aliacha mtoto wa miaka kama saba, Yusuf. Naye alipelekwa Goa, mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Mapadri wa Kiagostino wakamlea, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia na mizinga, akaoa huko. Mwaka 1626 Wareno wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme wao, wakiamini wamepata kibaraka aliyeiva.

Kisha ikaja habari kwamba mfalme huyu Mkristo huonekana kwenye kaburi la baba yake akisali sala ya Kiislamu. Kepteni Pedro Leitão de Gamboa akapelekewa taarifa, na Yusuf akajua kwamba kepteni amejua. Hakungoja kukamatwa. Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Maria, aliingia ngomeni na watu wake kama anayekwenda kusalimia, akamchoma kisu kepteni, na ngome ikawa yake. Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto, waliuawa siku zilizofuata, na Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Kisasi cha mtoto kiliangukia wasiohusika, na hilo ni doa lisilofutika.

Wareno walileta kikosi kikubwa mwaka 1632, wakashindwa na mizinga waliyomfunza wenyewe. Lakini Yusuf alijua hawatakoma. Mei mwaka huo aliivunja ngome kadiri alivyoweza, akauharibu mji, akaondoka na meli alizoteka. Kuanzia hapo alikuwa haramia, akizunguka bahari kutoka Bukini hadi Uarabuni. Aliuawa mwaka 1638 katika Bahari ya Shamu, mikononi mwa maharamia wenzake.

Kwa nini hakubaki? Alikuwa na ngome, mizinga na ujuzi. Alichokikosa ni watu wa nyuma yake. Kumbukumbu ya Rabai ilikuwa imelikata daraja kati yake na bara kabla hajabalehe. Baba alikufa kwa kuliamini bara lililokwisha nunuliwa, na mwana akafia baharini kwa kuwa hakuwa na bara la kuliamini. Ndiyo maana wanakaa juu ya orodha, wote wawili, kiti kimoja.

Hesabu ya mwisho

Najua yupo atakayeuliza Mkwawa yuko wapi, Karume yuko wapi, Kabaka Mwanga yuko wapi. Hao ni vigogo na kila mmoja anastahili orodha yake, ila hawakuishika Mombasa, na leo tulikuwa nyumbani.

Wa kisiwani nao watabisha kwamba nimependelea. Wabishe na waliomo orodhani. Wasegeju wa bara ndio waliommaliza Mshirazi wa mwisho. Ali Mazrui alirudi kwa nguvu za bara. Mazrui waliosalia walipata makao bara. Hassan alipoteza roho bara, na Yusuf alipoteza ufalme kwa kukosa bara. Haya ni mambo ya kufunzwa shuleni Likoni, Kisauni na Changamwe kwa majina ya mahali ambapo watoto wanapita kila siku: Makupa, Port Reitz, Rabai, njia ya Gazi. Watoto wanapelekwa ngomeni kwa ziara, na ni vizuri. Wapelekwe pia Makupa maji yakitoka, waelezwe nani alivuka, nani alikimbia, na kwa nini. Mtoto wa bara akifunzwa historia ya Mombasa, aanzie kwao.